Minervale ya mtoto moja ni feza ya batoto bote

Kila mwaka rezulta ya Exetat, ezamen ya serikali ya kumaliza sekondari, ikitoka hapa Lubumbashi, bantu banamwangiana pudre nyeupe ku kichwa, batoto banazunguka mu avenue na kelele mupaka usiku, kisha kesho yake asubui kila nyumba inaamuka na ulizo moja: sasa ataenda wapi, UNILU, chuo kikuu ya serikali ya hapa, ao private? Na kila mwaka nasikia bazazi banajibu sawa vile ni mambo ya ule mtoto peke yake, pointi zake, kichwa yake, bahati yake. Mi naona hapana. Chuo yenye tunachagulia mtoto moja, minervale yake, maana bei ya masomo, ndugu zake njo banailipa, na mara mingi ni ndugu zake ba kike, na hakuna mwenye anabaulizaka.

Nasema hii juu kwetu pia tulikaa kikao ya namna ile. Mudogo yangu alipita muzuri, option ya math-fizike, anataka elektromekanike, na baba akasema hataki kusikia UNILU, mtoto aende private, ile ya bei kali, feza tutajua namna ya kuipata. Mi ni yaya yabo, niko na kazi, na ni mimi na baba mudogo wa Kolwezi njo tungebeba sehemu kubwa, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema. Lakini mbele ya kusema nilimusikiliza baba mupaka mwisho, juu mambo alikuwa anasema iko na mizizi.

Baba ni mutu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba. Benye bamekomalia hapa banajua ile inamaanisha nini: kampuni njo ilikuwa inalipa masomo, hospitali, unga ya kila mwezi, mtoto wa mufanyakazi alikuwa anasoma bila baba yake kuuliza bei. Kisha myaka ya 90 kampuni ikaanguka, mishahara ikawa haitoke, na mu 2003 bafanyakazi zaidi ya 10,000 bakatolewa na ile mpango ya depar volontere, kuacha kazi kwa kujitakia, kila mutu na bahasha yake, na masomo ya batoto ikawa mambo ya kila baba na mufuko yake. Mutu mwenye alipita mu ile, ukimwambia "ya serikali" yeye anasikia kitu yenye itamuacha mu nusu ya njia.

Na UNILU yenyewe aliiona ikiteseka. Ilifungua mulango mu 1956, wakati muji ingali inaitwa Élisabethville, na tangu mwanzo ilikuwa université ya serikali. Lovanium ya Kinshasa, yenye ilianza mu 1954, ilikuwa ya Bakatolika, na ile ya Kisangani ya 1963 ilikuwa ya Baprotestanti, kwa hiyo benye banafikiri private ni mambo ya juzi banasahau kama ku mwanzo université mbili kati ya ile tatu kubwa zilikuwa za makanisa. Mobutu njo alizikamata zote mu 1971 akaziunganisha kuwa UNAZA, université moja ya inchi yote, mu 1981 zikaachana tena, yetu ikaitwa UNILU. Kisha kukakuja ile usiku ya 11 kuamukia 12 mwezi wa tano 1990, kampusi ya Lubumbashi ikashambuliwa, banafunzi bakauawa, na bazazi ba ile wakati bangali banaisema na sauti ya chini. Ubelgiji ikasimamisha musaada wake. Mwaka wa kufuata kukakuwa pillage, bantu bananyanganya mali, feza ya Zaïre ikakufa, mushahara wa profesere ikashindwa kununua mufuko moja ya unga, na bazazi bakaanza kuchangisha ili bawalimu bafundishe. Kuko private zenye zilikuwa zimeshaanza, ULPGL kule Goma tangu 1985, Université Catholique ya Bukavu mu 1989, lakini ni mu ile myaka njo zilizaana mu inchi, na huku kwetu pia zikafuata. Hazikuzaana juu bantu bamekuwa batajiri. Zilizaana juu serikali ilikosa, na bazazi hawakutaka kuangalia batoto banakaa bure.

Kwa hiyo baba ana sababu, na mi sitamuambia mutu yeyote kama UNILU haina shida. Oditwari, ile salle kubwa ya masomo, ya promosyo ya mwaka ya kwanza inajaa mupaka bantu banasimama ku madirisha, ukifika saa mbili kasoro umechelewa, unaandika juu ya goti. Kuko myaka profesere banafanya mugomo juu ya mushahara na kalendari inasogea, mwaka ya masomo inaingia ndani ya ingine. Silabusi unanunua, TP, masomo ya kufanya na mikono, unalipa, kutoka Ruashi ao Katuba mupaka kampusi ya Kasapa ni taxibus mbili kila asubui na mbili kila mangaribi, na ukitafuta chumba mu home ya banafunzi inaomba uvumilivu mingi. Benye banasema "ya serikali ni bure" hawajawahi kulipia mtoto pale. Bei ya Eta, njo serikali, imefichama ndani ya siku, ndani ya taxi, ndani ya makaratasi, na mwaka yenye inapotea ni bei pia, juu ule mtoto anakula nyumbani na hajaanza kusaidia.

Private nzuri, na ziko, inakupa kitu yenye Eta inashindwa kukupa, njo mpangilio. Masomo inaanza siku yenye balisema, semesta inamalizika siku yenye balisema, rezulta inatoka, ordinatere ziko na umeme iko, hata SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, groupe, mashine ya umeme ya chuo, inawaka, batoto ni kidogo mu darasa na mwalimu anakujua jina. Kwa informatiki, Salama hapa kwetu imejijengea jina kabisa na ba patron mu muji banaijua. Kuko Nouveaux Horizons, kuko Université Protestante, sitaki kuzipima moja moja. Nasema tu kama mzazi mwenye anatamani mpangilio kwa mtoto wake anatamani kitu ya maana, hafanyi anasa.

Lakini sikiliza jambo moja yenye haisemwake mu ma publicité. Ule profesere wa private, muulize asubui alikuwa wapi. Mara mingi sana alikuwa Kasapa. Anafundisha UNILU asubui, kisha ya saa nane anaingia mu private, kozi ni ile ile, silabusi ni ile ile, na mara ingine mufano ku tablo ni ule ule. Sisemi ni mubaya, anatafuta maisha na anafanya kazi. Ila mzazi ajue anachonunua: ananunua oditwari yenye ina nafasi na kalendari yenye inaheshimiwa, kichwa ya profesere haigawanyike. Kama umeshaelewa ile, unaweza kujiuliza tena kama ile tofauti ya bei inafaa, na jibu inategemea fakulte.

Hapa njo bantu banachanganyikiwa, banachagua chuo mbele ya kuchagua fakulte. Mtoto mwenye anataka kuwa munganga, mi naona hakuna ya kubishana sana, UNILU iko na fakulte ya zamani na kliniki yake yenyewe, na munganga anajifunzia ku kitanda ya mugonjwa, hajifunzii mu salle yenye klimatizere. Mwenye anataka mines, kuchimba madini, jeolojia, metalurji, Politekniki ya UNILU iko mu inchi ya shaba yenyewe, bantu benye banaongoza ma mine huku mingi bametoka pale, na hiyo ni kitu ya nguvu kuliko ukuta mupya na vitre, juu siku unatafuta staji unapata mukubwa mwenye alikaa ku ile benchi yako. Veterinere pia, ukiuliza mu muji banakuonyesha kule tu. Lakini mwenye anataka kuandika programu, kutengeneza rezo, kufanya kazi ya ordinatere, uyu anahitaji mashine mbele yake kila siku, na mashine moja kwa bantu makumi haitamufundisha kitu, kwa huyu mimi mwenyewe ningesema kama feza iko muende private. Elektromekanike ya mudogo yangu iko katikati, labo ni ya lazima, lakini Politekniki inajulikana, na njo kwa hiyo kikao yetu ilikuwa nguvu.

Sasa feza. Private inahesabu na dola, na inalipisha kwa tranche, sehemu sehemu. Mbele ya kila ezamen kuko kujiandikisha, na bila bordro ya banki, karatasi ya kuonyesha umelipa, jina yako haitoke ku liste. Hata ku Eta mambo ya bordro iko, lakini tofauti ni ukubwa ya ile yenye unakosa: ukikosa tranche ya UNILU, yaya anaweza kukopa ku kazi, mama anaweza kuomba zamu yake ya likelemba, ile ya kuchangiana feza kwa zamu, itangulie, ndani ya juma mbili imepatikana. Ukikosa tranche ya private ya bei kali, mu familia kama yetu hakuna mutu wa kukopa kwake, juu bote tuko tunakula ku sahani moja, na hiyo sahani jina yake ni mine.

Ni hapa nataka bazazi ba Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bafikirie sana. Feza yetu inapanda na kushuka na bei yenye hatuamue sisi. Mu 2019 bei ya cobalt ilishuka na Mutanda, yenye ilikuwa kati ya mine kubwa za cobalt mu dunia, ikasimamisha kazi. Mu mwezi wa pili 2025 serikali ikasimamisha kupeleka cobalt inje, kwanza ikasema miezi ine, kisha ikaongeza, mupaka mwezi wa kumi bakaingia mu mpango wa kota, kila kampuni na kiasi yake ya kupeleka. Serikali ilikuwa na sababu zake, ilitaka bei ipande, na sibishane nazo. Lakini mu manyumba, kila mara jambo ya namna ile inafika, kuko kontra ya kampuni ndogo yenye hairudiliwe, kuko baba mudogo mwenye anapiga simu na kusema mwezi huu mungojee. Baba mudogo wetu yuko mu kazi ya namna ile, mukataba wa miezi sita, miezi sita, akibarikiwa mwaka. Mu LMD, mpango mupya ya masomo ya chuo, yenye imeingia mu chuo zetu tangu mwaka ya masomo 2021-2022, licence ni myaka tatu na master mbili juu yake, na engeniere mwenye anatafutwa ni wa master. Myaka tano. Unawezaje kuahidi dola za myaka tano juu ya mukataba wa miezi sita?

Na ile yenye inaniuma zaidi si mtoto mwenye hakuingia private. Ni mwenye aliingia akatoka mu nusu. Nimebaona, ba kijana ba akili kabisa, balisoma mwaka mbili, feza ikakatika, bakaenda kuomba nafasi UNILU, na kule bakaambiwa kozi ingine haifanane, kredi ingine haikubaliwe, aanze tena na batoto bapya. Mwaka mbili ya feza kali imepotea, na mara ingine mzazi alishauzisha parsele, kiwanja na nyumba yake, juu ya ile. Parsele! Mi nitasema waziwazi hata kama kuna mwenye atakasirika: usiuzishe parsele juu ya minervale ya mtoto moja. Ile parsele ni nyumba ya ba ndugu yake bote, na kama ule mwenye kusoma akikosa kazi kisha diplome, na bengi banakosaka, mutakuwa muko mu location, munapanga nyumba ya bantu, na diplome ku ukuta.

Turudi ku kikao. Baba amesema, baba mudogo amesema ku simu, mi nimeeleza ya kwangu. Tulikuwa tumepiga hesabu na kwa bei yenye ile private ilitupatia, mwaka moja ya kule ilikuwa inakaribia myaka tatu ya UNILU, na taxi na silabusi tukiweka ndani. Mama alikuwa ananyamaza wakati yote, kisha akauliza:

"Na huyu mwenye yuko mu ya ine ya sekondari, yeye atasoma na feza gani?"

Alikuwa anasema juu ya mudogo yetu wa kike, mwenye alikuwa anaosha masahani inje na hakuna mutu alikuwa amemuita ku kikao. Baba akajibu kama yeye bado, tutaona wakati yake ikifika. Na mi najua ile "tutaona". Mu avenue yetu kuko babinti benye baliambiwa "tutaona", kaka akimaliza ataenda, kisha kaka akachelewa, kisha feza ikaisha, kisha mukwe akabisha hodi na bazazi bakaona ni baraka, mulomo moja kidogo ku meza. Hakuna mutu alisema binti asisome. Baba yetu hawezi kusema ile hata siku moja, anamupenda huyu mtoto. Lakini feza ilikuwa imeshasema mbele yake, na kila mara familia inatia yote ku moja, mwenye anabaki nyuma ni yeye.

Nikamuambia baba: "Baba, tuandike batoto bote tatu ku karatasi, na mwaka yenye kila mutu atamaliza sekondari, kisha tuweke feza mbele ya kila jina." Akaniangalia murefu, akaniambia, "Mama, andika." Tukaandika. Kama mukubwa wa bale tatu angeenda private, mwaka wa kuingia kwa dada yake ingekuta yeye angali anasoma, na ku jina ya dada hakukubaki kitu, hata ya ISP, chuo ya kutengeneza bawalimu. Kama mukubwa anaenda UNILU, hata tukihesabu mwaka moja ya kupotea juu ya mugomo, dada anaingia, na mudogo wa mwisho naye iko na mwanzo. Sikumushinda baba kwa maneno. Alisoma karatasi yeye mwenyewe, mara mbili, na miwani.

Kuko jambo ingine ya babinti yenye lazima niseme, hata kama ni nzito. Mama moja mu kanisa yetu alipeleka binti yake private juu aliogopa ile mambo ya kuomba mwili kwa pointi, yenye banafunzi banajua jina yake muzuri. Namuelewa, na angekuwa binti yangu ningelala pia bila usingizi. Lakini ile mambo haichague mulango, inaingia fasi mutu moja anashika pointi peke yake na hakuna wa kumuangalia. Uliza ku chuo yoyote: kopi inakosolewa na nani, mtoto akitaka kuiona tena anaenda wapi, binti akiwa na mashitaka anamuambia nani, na kama mwenye anakujibu anacheka ao anakasirika, toka pale, ikuwe Eta ikuwe private.

Na kama unaenda private, nenda na macho. Sheria ya elimu ya inchi, ile loi-cadre ya 11 mwezi wa pili 2014, inakubali chuo za private zenye zimepata agrema, njo ruhusa, ya serikali. Kwa hiyo omba kuona ile karatasi, na uiangalie mupaka ku fakulte, juu chuo inaweza kuwa na ruhusa ya filiere, aina ya masomo, ine na ikafungua saba, na mtoto wako akawa mu ya saba. Uliza diplome ya banafunzi ba mwaka yenye imepita imeshapitishwa ku ministere ao ingali inangoja. Tafuta bantu benye bametoka pale, hapana benye chuo inakuonyesha, bale ba mu quartier, ubaulize balipata karatasi yabo kisha wakati gani. Labo uiangalie siku ya kazi, saa ine ya asubui, uone kama kuko bantu ndani ao ni kufuli tu. Na uliza bei ya mwaka ya tatu, juu ya mwaka ya kwanza bote banakuambia bila kuuliza.

Mudogo yangu ameingia Politekniki. Siku za kwanza alikuwa na huzuni, sitaficha, barafiki yake mbili bako mu private na banavaa uniforme nzuri, na yeye anaamuka saa kumi na moja juu ya taxibus. Tulimuahidi kitu yenye ile bei iliyobaki inaweza: ordinatere yake mwenyewe, ya okazyo, yenye imeshatumika, lakini nguvu, na kozi ya kingereza mara mbili ku juma, juu mu ma mine sasa bila kingereza unakaa ku mulango. Feza ya dada yake mama anaiweka mu likelemba ya soko, na baba mwenyewe njo anauliza kila mwisho wa mwezi kama imeingia.

Kuko familia zenye nilibaambia muende private, bila kusita. Mmoja ni baba na mama bote bako na mushahara ya kweli, mtoto ni moja, anataka informatiki, na feza ya myaka tatu ilikuwa imeshawekwa banki mbele ya Exetat. Ingine ni mjane mwenye binti yake alipewa burse ya parokia ya kulipa yote mupaka mwisho, kwa maandishi, na jina ya mwenye analipa na sahihi yake. Nilimuambia asome ile barua tena mbele yangu, tukafika fasi yenye inasema mupaka licence tu, kwa hiyo sasa yuko anaenda kuuliza juu ya master.